Magoblini wangu wanakufa kama wamepanga foleni. Nifanyeje wapigane kwa akili?

Dadu ya Ishirini:

Salaam wakuu. Naomba msaada, na ninaomba kwa dhati kwa sababu mchezo huu naupenda na juzi niliuangusha.

Naendesha mchezo kwa wachezaji wanne. Wahusika wao wako daraja la 3: mpiganaji mwenye ngao na kinga ya 18, mchawi, kasisi na mwizi. Tunafuata kanuni za toleo la tano la Dungeons & Dragons, zile za mwaka 2014; ni mchezo wa mezani ambapo watu huigiza mashujaa na dadu huamua matokeo. Juzi waliingia pangoni kumtafuta mateka, nami nikawawekea magoblini 8, vijitu vidogo viovu, kwenye chumba kimoja. Hesabu niliipiga kama kitabu kinavyoelekeza: kila goblini ana pointi 50 za uzoefu, wanane ni 400, na kwa kuwa wako wengi unazidisha kwa 2.5, inakuwa 1,000. Kwa wahusika wanne wa daraja la 3, pambano linaanza kuitwa gumu likifika 900. Nikajua leo patachimbika.

Hapakuchimbika. Mlango ulipofunguliwa, magoblini wote walimvamia mpiganaji kwa sababu ndiye aliyekuwa mbele. Wakamzunguka na panga zao. Mchawi akasogea pembeni akapiga Mikono ya Moto, ule mwali wa futi 15, ukawakuta wanne. Mwali ule ni dadu tatu za pande sita, wastani 10 na nusu, na goblini ana pointi 7 tu za uhai. Watatu walikufa pale pale. Raundi ya pili ilipoisha hakuna goblini aliyesimama. Mpiganaji alikuwa amepoteza pointi 9.

Kushindwa kwa magoblini hakukuniuma. Kilichoniuma ni swali la mchezaji wa kasisi. Aliuliza kwa upole kabisa: "Huyu wa mwisho, alipoona wenzake saba wamelala chini, mbona hakukimbia?" Nikajibu, "Ni magoblini tu." Nikamwona anaweka dadu zake mezani na kuegemea kiti. Mpaka mwisho wa usiku hakuuliza kitu kingine.

Nataka madubwana wangu wapigane kama viumbe wanaotaka kuiona kesho. Ninaogopa mambo mawili: nisije nikaua kikundi kizima kwa kujifanya hodari, na nisije nikakaa dakika tano kila zamu nikiwaza huku watu wananisubiri. Ninyi mnafanyaje?

---

Mwenge wa Pili:

Mkuu, pole. Hilo swali la kasisi ni zawadi, usilikimbie.

Mimi huanza na mwili wa dubwana mwenyewe. Kabla sijafikiria mbinu yoyote nasoma karatasi yake ya namba nikijiuliza: mtu aliyezaliwa na mwili huu angejifunza kupigana vipi tangu utotoni? Goblini wako ana pointi 7 za uhai. Pigo moja la upanga, kwaheri. Basi goblini aliyeishi hadi ukubwani ni yule ambaye hakuwahi kusimama mbele ya upanga. Tazama tena karatasi: kujificha ana +6, upinde wake unapiga hadi futi 80 bila shida, anaona gizani hadi futi 60, na kila zamu, kwa kitendo cha ziada, anaweza kujificha au kujitoa kwenye vita bila kupigwa pigo la fursa, lile la bure anapogeuka kuondoka. Karatasi nzima inasema kitu kimoja: piga, potea. Wewe ulimpa upanga ukamwambia asimame kifua mbele.

Sasa mtoe chumbani, mweke kwenye njia ya pango yenye mawe ya kujificha. Wahusika wako wana mwenge? Mwenge unaangaza vizuri futi 20, na futi 20 nyingine kwa mwanga hafifu. Goblini akikaa futi 50 mbele, yeye yuko gizani kabisa na wao wameng'aa kama taa. Hata mhusika anayeona gizani huliona giza kama mwanga hafifu, kwa hiyo umakini wake wa kawaida wa kugundua vitu unapungua kwa 5. Goblini anatoka nyuma ya jiwe, anapiga mshale bila kuonekana, yaani anarusha dadu mbili na kuchukua kubwa, kisha anarudi nyuma ya jiwe na kujificha tena. Zamu inayofuata anatokea jiwe jingine.

Angalia namba. Goblini ana +4 ya kupiga. Dhidi ya mpiganaji wako mwenye kinga 18 dadu ya pande ishirini ikijumlishwa na hiyo 4 lazima ifikie kinga, yaani anahitaji 14 au zaidi kwenye dadu, sawa na asilimia 35. Akipiga kutoka mafichoni inapanda hadi karibu 58. Na kama mchawi wako ana kinga ya 12, kutoka mafichoni anampata karibu mara 88 katika 100. Ni goblini yule yule, dadu zile zile, hujaongeza hata pointi moja. Ndiyo maana nakuambia usiwarudishe wanane! Ukiwachezesha hivi anza na wanne, labda watano. Ile hesabu ya 1,000 haijui kama goblini yuko nyuma ya jiwe au mbele ya upanga. Ugumu wa pambano uko kwenye ardhi kuliko kwenye idadi, na kitabu hakiwezi kukuhesabia ardhi.

Halafu jiulize anataka nini. Hapa ndipo waendeshaji wengi tunapokosea, na mimi nilikosea miaka mingi: tunadhani kila dubwana anataka kuua wahusika. Mbwa mwitu hataki kumuua mtu, anataka kula. Akiwa na wenzake ana faida ya kundi, anarusha dadu mbili mradi mwenzake yuko jirani na windo, na aking'ata, mtu asiposhinda jaribio la nguvu la 11 (dadu ya ishirini pamoja na nguvu zake zifike 11) anaangushwa chini. Lakini ana pointi 11 tu. Mbwa mwitu wangu hawaendi kwa mpiganaji aliyevaa chuma. Wanaenda kwa punda wa mizigo. Watatu wanamzunguka punda, wawili wanawazuia watu, na mmoja wao akipigwa vibaya analia na kuondoka. Wachezaji wangu bado wanamkumbuka yule punda kuliko joka lolote nililowahi kuwaletea.

Zimwi naye, yule mwenye rungu, ana akili ya 5 na pointi 59. Rungu lake linapiga wastani wa 13. Huyo usimpe mbinu. Anaenda kwa aliye karibu, au kwa aliyemuumiza zaidi, na mchezaji mwerevu atamchezea kama ng'ombe mkali anavyochezewa kwa kitambaa. Huo ujinga wake ni mali, wape nafasi waugundue.

Hobgoblini, ndugu mkubwa wa goblini, ni kinyume chake. Kinga 18, nidhamu ya jeshi, na akimpiga mtu ambaye mwenzake yuko naye jirani anaongeza dadu mbili za pande sita, wastani 7. Maana yake hobgoblini mmoja peke yake ni nusu ya hobgoblini. Kwa hiyo wanasimama bega kwa bega, wanamchagua mtu mmoja, na hawavunji mstari kumfukuza mwizi anayekimbia. Ukiwaweka magoblini na mahobgoblini kwenye pambano moja, wachezaji wataona tofauti bila wewe kusema neno.

---

Mama wa Mapango:

Nakubaliana na Mwenge kwa mengi, ila niweke neno kwa sababu nimeona vikundi viwili vikivunjika kwa jambo hili.

Ndugu yangu Dadu, dubwana asijue unachokijua wewe. Wewe umeiona karatasi ya mchawi, unajua kinga yake ni 12. Goblini haijui karatasi. Anaona mtu amevaa kanzu na mwingine amevaa chuma, basi, hilo linamtosha kuchagua. Lakini hajui ni nani mchawi na ni nani karani aliyefuata msafara mpaka uchawi wa kwanza utoke mkononi. Raundi ya kwanza mpe goblini macho yake tu. Raundi ya pili, baada ya kuona moto, ana haki ya kupiga kelele "Yule wa kanzu!" na mishale yote ikaenda huko. Tena ipige hiyo kelele kwa sauti hapo mezani. Mchawi akisikia anajua ameonekana na atatafuta pa kujificha. Hiyo ni vita ya haki.

La pili ni mhusika aliyeanguka. Kanuni inasema ukimpata aliyezirai kutoka hatua moja, pigo ni la hatari moja kwa moja (dadu za madhara huzidishwa mara mbili) na linahesabika kama kushindwa mara mbili kati ya zile tatu zinazomuua aliyezirai. Yaani pigo moja jingine limebaki. Kuna waendeshaji wanaosema adui mwenye akili lazima ammalize. Mimi sikubali kwa goblini. Goblini anayepiga maiti amesimama pale pale wakati panga tatu nyingine zinamjia. Aliyeanguka hamdhuru tena, aliyesimama anamdhuru. Mnyama mwenye njaa atamburuta aende naye, na hapo wachezaji wana raundi mbili tatu za kumfuata, jambo linaloleta moto kuliko kifo. Ninaokubali wamalizie ni wale waliokwisha kumwona kasisi akimwinua mtu kutoka chini. Askari mwenye akili akiona hilo mara moja, mara ya pili hataliruhusu. Na hata hapo, waambie wachezaji kabla ya msimu kuanza kwamba kwenye meza yako hilo linaweza kutokea. Mtu asikutane nalo kwa mara ya kwanza akiwa amelala chini.

---

Dadu ya Ishirini:

Mama, Mwenge, asanteni sana. Nimesoma mara tatu. Lile la ardhi limenifungua macho, maana chumba changu kilikuwa mraba mtupu, hata jiwe moja la kujificha hakikuwa nalo.

Bado nina swali la kasisi. Nitajuaje saa ya kukimbia? Nikiamua mwenyewe, naona nitawahurumia wachezaji kila wanapozidiwa, nao watanusa kwamba nawabeba.

---

Kobe wa Zamani:

Mwanangu, swali hilo lilijibiwa zamani, watu wamesahau tu.

Mchezo huu ulizaliwa mwaka 1974, na waliouanzisha, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoka kwenye michezo ya vita ya mezani. Huko kila mtu alijua askari hukimbia. Ukishika kanuni za msingi za mwaka 1981 utakuta kila dubwana ana namba ya ari, kati ya 2 na 12. Unarusha dadu mbili za pande sita. Ukipata zaidi ya ari yake, anakimbia au anajisalimisha. Unarusha mara mbili tu: wa kwanza wa upande wao anapokufa, na nusu yao wanapokuwa wameanguka. Hakuna huruma humo, dadu ndiyo inayosema.

Goblini wa mwaka ule ana ari 7. Kuipita 7 ni nafasi 15 kati ya 36, karibu asilimia 42. Akiwepo mfalme wao inapanda hadi 9, na nafasi ya kukimbia inashuka hadi 6 kati ya 36. Umeona hapo? Namba hiyo moja inawafundisha wachezaji kumtafuta kiongozi kwanza, bila hotuba. Koboldi, kiumbe mnyonge zaidi, ana 6, zaidi ya nusu ya mara anakimbia. Zimwi ana 10, kumkimbiza ni kazi. Mifupa inayotembea na misukule wana 12, na dadu mbili haziwezi kuipita 12.

Hili la misukule nakuomba ulishike. Msukule hana mbinu. Anatembea futi 20 kwa zamu, kinga yake 8, hata mtoto atamkwepa. Na ukimuua anaweza asife: anarusha jaribio la 5 kuongeza madhara uliyompa, akishinda anabaki na pointi 1 na anaendelea kuja, isipokuwa umempiga kwa nuru au kwa pigo la hatari. Ukiwa na meza ambayo kila adui anapigana hadi kufa, msukule ni adui wa kawaida aliye mzito wa miguu. Lakini wachezaji wako wakishazoea kwamba magoblini hukimbia, mbwa mwitu huondoka, hobgoblini hupiga tarumbeta ya kurudi nyuma, halafu siku moja wakakutana na kitu ambacho hakigeuki hata kikiwa kimebaki na mkono mmoja, utaona wanavyonyamaza. Ubishi wa msukule unatisha kwa sababu ya woga wa goblini.

Toleo lako la tano nalo lina kanuni ya hiari kwenye kitabu cha mwendeshaji, jaribio la hekima la 10. Goblini ana -1, kwa hiyo ni nusu kwa nusu. Inatosha, ila mimi napenda ile ya zamani kwa sababu kila kiumbe ana namba yake.

Na usimwonee haya goblini anayekimbia. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Aliyekimbia leo anajua sura za wahusika wako, anajua mchawi ni yupi, na kesho atakuwa amewaambia wenzake. Mwaka 1987 jarida la Dragon, toleo la 127, lilichapisha tahariri ya Roger E. Moore kuhusu makoboldi, viumbe wanyonge kuliko wote, waliowatesa mashujaa wa madaraja ya juu kwa kufunga milango nyuma yao, kuwasha moto kwenye mapito na kupiga kupitia matundu ya ukutani. Hawakuwa na nguvu hata kidogo. Walikuwa wanalijua pango lao.

---

Mwenge wa Pili:

Niongezee lile la kuchelewa, maana hajajibiwa. Usiwaze ukiwa mezani. Waza jioni ya kabla. Kwa kila aina ya dubwana naandika mistari mitatu kwenye kikaratasi: anataka nini, raundi ya kwanza anafanya nini, na kitu gani kinamfanya aondoke. Magoblini wote wanacheza kwenye zamu moja. Ikifika zamu yao, nasoma mstari, narusha, nasonga mbele. Sekunde ishirini.

Mfano wa joka jekundu kijana, nilimwandika hivi: anataka dhahabu yake isiguswe. Raundi ya kwanza anapuliza moto akiwa angani kisha anapanda juu, maana anaruka futi 80 na ule moto ni dadu 16 za pande sita. Harudi chini mpaka moto ujae tena, na unajaa kila akipata 5 au 6, nafasi moja katika tatu. Akipoteza nusu ya pointi zake 178, anaondoka na kinyongo. Mistari mitatu ikaendesha pambano la saa nzima.

---

Dadu ya Ishirini:

Nimerudi na habari.

Jana tuliendelea ndani ya pango lile lile. Magoblini 5, njia nyembamba yenye mawe na kona mbili, mateka anaburutwa huko nyuma. Kikaratasi changu: wanataka kumfikisha mateka kwa mkuu wao, wanapiga kutoka gizani na kurudi kona kwa kona, ari 7.

Mshale wa kwanza ulimpata mpiganaji ubavuni. Wa pili ukamkosa. Wachezaji wakakimbia mbele na mwenge, hawakukuta mtu. Mshale mwingine. Mwizi akasema, "Zimeni mwenge!" Wakabishana kama waume na wake. Raundi ya tatu mchawi alipiga uchawi, nami nikapaza sauti ya goblini kama Mama alivyonielekeza: "Yule wa kanzu!" Mchezaji wa mchawi aliruka kwenye kiti. Mishale miwili ikampata, akabaki na pointi 3, akajitupa nyuma ya jiwe.

Kisha kasisi, yule yule aliyeuliza swali. Akaokota jiwe, akalitia uchawi wa Mwanga, akalirusha kwa nguvu zote hadi mwisho wa njia. Futi 20 za nuru kali kule kule walikokuwa wamejificha. Magoblini watatu walionekana wamechuchumaa, mikono machoni. Sikuwa nimeliwazia hilo kabisa. Mwizi akaangusha mmoja hapo hapo.

Nikarusha dadu mbili mbele yao, bila kificho. Nikapata 9. Mezani wote wakaangalia zile dadu, kisha wakaniangalia mimi. Nikasema, "Wanakimbia." Wawili walipotea gizani na kumwacha mateka, mmoja alinaswa kwenye kona na mpiganaji, na wa mwisho alitupa upinde chini akapiga magoti kwenye ule mwanga.

Mpiganaji aliinua upanga. Kasisi akasema subiri. Akamsogelea yule goblini akamuuliza jina lake.

Sikuwa na jina. Nilisema la kwanza lililonijia, Tiki. Tulitumia saa nzima iliyobaki Tiki akichora kwenye mchanga njia za pango, wanakolala wenzake, na mahali ambapo hata magoblini hawaendi kwa sababu ya kitu kinachotembea polepole na hakigeuki nyuma. Kobe, hapo nilikukumbuka.

Sasa wanataka kwenda na Tiki. Kasisi ameshika kamba, mwizi anataka aachiwe, mchawi hamwamini hata kidogo. Kikaratasi cha Tiki nimekianza usiku huu. Mstari wa kwanza, anataka nini, nimeufuta mara nne.